Mkufunzi Mpya na Hesabu ya Mabao

Kila unapokaribia muhula wa pili, mazungumzo ya aina moja husikika kutoka Kitale hadi Bungoma: katika vyumba vya walimu, katika mabweni, na ndani ya matatu zinazopita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Shule fulani imepata mkufunzi mpya wa kandanda. Je, itafunga mabao mangapi? Wapo wanaosema kwamba huko alikotoka mkufunzi huyo timu yake ilikuwa ikimimina mabao kama mvua ya masika, basi na huku yatamiminika vivyo hivyo. Wapo wanaoshikilia kwamba mgeni ni mgeni tu, na kwamba vijana waliozoea mkono wa mwalimu wa zamani hawana budi kupotea njia. Kila upande hunena kwa yakini ambayo mtu angeitarajia kwa mwanafalaki anayetaja siku ya kupatwa kwa jua.

Mimi si mkufunzi wa kandanda, wala sijapata kudai ujuzi huo. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, utabiri huu kabla ya kuwa jambo la uwanjani ni jambo la lugha, na kwa maoni yangu kosa kubwa linalotendeka ndani yake hutendeka katika kitenzi, kabla mpira haujawekwa katikati ya uwanja.

Msomaji asidhani kwamba ninajishughulisha na porojo za vijana. Porojo hizo hupanda ngazi hadi ofisini. Mwalimu mkuu huzisikia, wazazi huzisikia, na bodi ya shule huzisikia. Mkufunzi aliyetabiriwa mabao kumi akaleta matatu huonekana ametapeli watu, ingawa hakuahidi lolote. Mvamizi wa miaka kumi na saba aliyetabiriwa kuwa ndiye atakayeyafunga mabao hayo huzomewa na wenzake kwenye laini ya chakula. Tena katika shule zetu nyingi wapo watoto wa maskini wanaosamehewa karo kwa sababu ya miguu yao. Mtoto wa namna hiyo akipoteza jezi huenda akapoteza na dawati.

Ni vyema nieleze kwanza hali ya pande hizi kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Kitale ni makao ya kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma ni makao ya kaunti ya jina hilo hilo. Ni majirani wa kupakana mashamba na kuoana. Lakini katika michezo ya shule za sekondari Trans Nzoia iko katika eneo la Bonde la Ufa, na Bungoma iko katika eneo la Magharibi. Kwa hivyo shule mbili ambazo wanafunzi wake hupanda gari moja siku ya kufunga hazikutani katika mashindano rasmi mpaka zote zivuke kanda, kaunti ndogo, kaunti na eneo, zifike mashindano ya kitaifa. Matokeo yake ni kwamba kila upande humjua mwenzake kwa uvumi zaidi kuliko kwa macho. Mtu wa Kimilili atakuambia kwa kirefu jinsi Wavulana wa St. Anthony's Kitale, wale wanaoitwa Solidarity, wanavyoshambulia, na ukimchunguza utagundua ya kwamba aliwaona mara moja. Mtu wa Kitale naye anaijua Friends School Kamusinga kwa sifa zake za magongo, mchezo ambao shule hiyo imejijengea jina ndani na nje ya Kenya, kisha kutokana na magongo anakisia kandanda! Nisisahau wasichana: Wiyeta, huko Trans Nzoia, imewahi kuwa bingwa wa kitaifa wa kandanda, na utabiri kuhusu timu za wasichana nao una makosa yale yale.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anajua kwamba kiambishi -li- hutaja tukio lililopita: timu ilifunga. Kiambishi hu- hakitaji wakati. Hutaja mazoea: jua huchomoza mashariki, ng'ombe hula majani, timu ile hufunga. Kiambishi -ta- hutaja yajayo. Mtabiri wetu wa ndani ya matatu huanza na -li- chache tu. Timu ya mkufunzi huyu ilifunga mabao manne siku fulani. Siku nyingine ilifunga matatu. Kutokana na -li- hizo mbili au tatu huruka hadi hu-: timu zake hufunga. Na kutokana na hu- hiyo huruka tena hadi -ta-: basi na hii itafunga. Miruko miwili, na katika kila mmoja kuna shimo.

Shimo la kwanza ni kwamba mazoea hayathibitishwi na matukio mawili. Shimo la pili limefichika zaidi, nalo limo katika kiima cha sentensi. Waliofunga kule walikuwa vijana wa kule. Katikati ya maneno, mtabiri amewaondoa kimyakimya vijana hao na kumweka mkufunzi mahali pao, kana kwamba ndiye aliyekuwa akipiga mpira. Kisarufi, mkufunzi hafungi, hufungisha. Kasisi naye hufungisha ndoa, lakini hakai ndani yake.

Lubukusu, lugha inayozungumzwa na wengi katika kaunti hizi mbili, hutenganisha wakati ujao ulio karibu na ule ulio mbali, kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili chetu sanifu kina -ta- moja tu ya kutumikia kesho na miaka kumi ijayo. Sisemi kwamba hilo ni upungufu, maana Kiswahili kina vielezi vya kutosha. Ninasema tu kwamba anayetabiri kwa -ta- tupu, bila huenda, bila yamkini, bila kusema lini, amejitwisha mzigo ambao lugha yenyewe haikumtaka aubebe.

Pengine si ajabu kwamba utabiri unapendwa sana huku. Bungoma ni nchi ya wabashiri, na heshima yao haijafutika. Nitakumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui: Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyeitia serikali ya kikoloni tumbojoto na kufariki mwaka 1987, alikuwa mchezaji hodari wa kandanda katika ujana wake huko Kimilili. Alipata hata kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1926. Mbashiri na mchezaji katika mwili mmoja! Lakini kwa kadiri nijuavyo, hakuna anayemkumbuka kwa kutabiri mabao.

Walimu wa hisabati na waniwie radhi nikiingia shamba lao kidogo. Tuchukue timu ambayo uwezo wake wa kweli ni bao moja kwa kila mechi, kwa wastani. Ikicheza mechi tatu za kundi, tunatarajia mabao matatu. Lakini kwa mujibu wa kanuni ya Siméon Denis Poisson, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1837, timu hiyo hiyo, pasipo kubadilika hata chembe, itapata bao moja au isipate lolote katika mechi zote tatu takriban mara 20 katika kila mashindano 100. Na takriban mara 18 katika kila mashindano 100 itafunga mabao matano au zaidi. Mkufunzi ni yule yule, wachezaji ni wale wale, buti ni zile zile. Katika hali ya kwanza mkufunzi atafukuzwa. Katika hali ya pili atabebwa juujuu kutoka uwanjani. Najua kwamba mechi ya kandanda haifuati kanuni hiyo sawasawa, kwa kuwa timu iliyofungwa mapema hubadili mchezo wake. Hata hivyo picha haibadiliki sana. Mabao ni machache mno, na kitu kichache hakikubali kusomwa kwa haraka.

Mfano ulio wazi tuliushuhudia sote mwaka 2025. Mwezi wa Machi mwaka huo timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilikabidhiwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Hapakuwa na mtu ambaye jina lake lilinukia mabao zaidi ya lake. Ndiye mfungaji bora katika historia ya timu ya nchi yake, akiwa na mabao 31. Alitwaa Klabu Bingwa Ulaya na Porto mwaka 2004. Na kuanzia 2022 hadi 2024 alikuwa katika benchi la Manchester United, akiwanoa wavamizi. Utabiri wa mitaani ulikuwa wa -ta- tupu: tutafunga. Na mechi ya kwanza, dhidi ya Gambia mjini Abidjan, ikaisha 3-3. Nani angethubutu kupinga?

Ikaja michuano ya CHAN mwezi wa Agosti, ile ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nyumbani mwao, iliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Kenya iliishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0. Ikatoka sare ya 1-1 na Angola. Ikailaza Morocco 1-0, Morocco waliokuja kulitwaa kombe lenyewe. Ikaishinda Zambia 1-0. Kisha katika robo fainali ikatoka 1-1 na Madagascar na kuondolewa kwa mikwaju ya penalti. Hesabu mwenyewe: mechi tano, mabao matano, moja kila mechi, kama mtu anayelipa deni kwa awamu. Mkufunzi aliyetarajiwa kuleta mafuriko ya mabao alileta ukuta uliopitwa mara mbili tu katika mechi tano, huku mbele akitosheka na kidogo. Mwezi uliofuata, timu ya taifa ilifungwa na Gambia 3-1 uwanjani Kasarani, na siku nne baadaye ikaifunga Ushelisheli 5-0. Bao moja, kisha matano, chini ya mtu yule yule, katika juma moja. Ni ipi kati ya hizo iliyo hu- yake?

Jibu la haraka ni kwamba Ushelisheli ni dhaifu, na kwamba kikosi cha CHAN hakikuwa kile cha Abidjan. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe. Tulikuwa tukilitazama jina la mkufunzi ilhali majibu yalikuwa kwa wachezaji, kwa wapinzani na kwa bahati. Wenye umri wangu wanakumbuka Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 huko Tunisia. Vijana wa Jacob Mulee walifungwa na Mali 3-1, wakafungwa na Senegal 3-0, kisha wakaichapa Burkina Faso 3-0. Aliyeondoka mbele ya redio baada ya mechi ya pili alibaki na imani moja kuhusu wavamizi wetu. Aliyevumilia hadi ya tatu alibaki na nyingine.

Je, basi, hakuna kinachotabirika? Hapana, kipo, nami sikukusudia kuandika makala ya kukata tamaa. Kuna mambo ambayo mkufunzi mpya huyabadilisha upesi na mengine ambayo huyabadilisha polepole, na tofauti kati yake ni kama tofauti kati ya sintaksia na msamiati. Mkufunzi huja na sintaksia: nani asimame wapi, nani atangulie, nani afuate. Msamiati ni wachezaji. Winga asiyeweza kupiga krosi kwa mguu wa kushoto hatajaliwa mguu huo katika majuma matano. Kiungo anayeangalia chini apokeapo mpira ataendelea kuangalia chini kwa muda. Lakini kona, mikwaju ya adhabu na mipira ya kurusha hujifunzwa kwa muda mfupi, kwa kuwa hizo ni sentensi za kukariri: wewe nenda mlingoti wa kwanza, wewe mzibe mnyakaji, wewe subiri nje ya kisanduku. Kwa hivyo katika mwaka wa kwanza wa mkufunzi mwenye bidii, mabadiliko yatafute katika mipira iliyosimama, si katika mchezo unaotiririka.

Na katika mchezo unaotiririka kuna jambo ambalo sisi wanaisimu tunalifahamu vyema kutokana na watoto. Mtoto anayejifunza Kiingereza hulisema neno la wakati uliopita kwa usahihi mwanzoni, kwa kuwa amelikariri zima zima. Kisha huigundua kanuni ya jumla, na pindi anapoigundua huanza kuyaharibu maneno aliyokuwa akiyasema sawasawa, akiyalazimisha yote kuifuata kanuni. Mzazi hushtuka na kudhani mtoto amerudi nyuma. Kumbe anakwenda mbele. Baada ya muda hutengeneza yote mawili, kanuni na maneno yasiyoifuata.

Timu ya shule hupita njia hiyo hiyo. Tuseme timu ilizoea kuupiga mpira mrefu kwa namba tisa mrefu, naye huuteremsha kwa kichwa na mwenzake hufunga. Hiyo ni sentensi ya kukariri, nayo ina mabao yake. Akija mkufunzi mpya anayetaka mpira upitie kwa viungo, kitatokea kipindi ambapo vijana wameacha ya kale na hawajaimudu mpya. Kipindi hicho watafunga machache kuliko mwaka uliopita. Si kwa sababu mkufunzi ni mbaya. Huenda ni kwa sababu wanamsikiliza.

Balaa ni kwamba kalenda yetu haina huruma na kipindi hicho. Muhula wa pili ukifunguliwa, mashindano ya kanda huanza baada ya majuma machache tu, na timu ikiteleza huko mwaka wake umekwisha. Hapatakuwa na kaunti, wala eneo, wala mashindano ya Afrika Mashariki. Na majuma hayo ndiyo ya mvua nzito. Kitale uko kwenye kimo cha takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya Aprili na Mei hapo si mchezo. Viwanja vya shule nyingi hugeuka kuwa mashamba ya mpunga. Mpira wa pasi fupi huzama kwenye tope, na timu iliyobaki na mpira wake mrefu wa kukariri huishinda ile inayojifunza. Kwa maneno mengine, mashindano yetu humtuza asiyebadilika. Sijui kama waliopanga kalenda walikusudia hivyo. Matunda yake ndiyo hayo.

Kuna jambo jingine ambalo watabiri hawalitazami, nalo ni la karne hii mpya ya elimu yetu. Mwaka 2025 hapakuwa na wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule za sekondari, kwa kuwa waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 walikuwa wamekwisha kuingia 2024, na wale wa mtaala mpya walikuwa bado katika Gredi ya 9. Januari 2026 wakaingia wa Gredi ya 10. Maana yake ni kwamba mwaka 2026 shule ina kidato cha tatu, kidato cha nne na Gredi ya 10, na 2028 itakuwa na gredi tatu tu, ya 10 hadi ya 12. Mkufunzi aliyezoea kumpokea mtoto akiwa kidato cha kwanza, akamlea miaka minne, na kuvuna katika miwili ya mwisho, sasa anampata kwa miaka mitatu. Mwaka mmoja kati ya minne umetoweka, na kwa mchezaji wa mbele, ambaye hukomaa kwa kuzoeana na wenzake, mwaka huo ni mkubwa. Mtaala huo huo umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, jambo jema. Lakini sijasikia ndani ya matatu mtu akiuliza ni wangapi katika kikosi waliochezeana zaidi ya msimu mmoja. Mimi lingekuwa swali langu la kwanza. Kabla sijauliza jina la mkufunzi, ningeuliza ni wangapi waliobaki.

Swali la pili ningeuliza kuhusu mwalimu mwenyewe: atabaki? Wakufunzi wengi wa shule zetu ni walimu wa darasani, na mwalimu ni mtu wa Tume. Tangu mwaka 2018, sera ya kuwapeleka walimu mbali na kaunti zao ilipoanza kutekelezwa kwa nguvu, ikianzia na walimu wakuu, timu nyingi zilijikuta yatima katikati ya safari. Sisemi mwalimu afungwe kambani kama mbuzi kwa ajili ya mpira. Naye ana mke au mume, ana watoto, ana haki ya kuhamia anakotaka. Ninasema kwamba barua ya uhamisho huhesabu vipindi vya Jiografia na Kemia, na haihesabu sarufi ya mchezo iliyokuwa ikijengwa jioni uwanjani. Jina la Mwalimu Peter Mayoyo limehusishwa na Solidarity kwa miaka mingi, na sidhani kwamba sifa za timu hiyo na wingi wa miaka hiyo ni mambo mawili yasiyojuana. Mahali ambapo mtu mmoja hudumu, kidato cha nne huwafundisha kidato cha tatu, na mkufunzi huwa anakumbusha tu.

Hivi karibuni pamezuka desturi ya kuleta mtu wa pili. Huko Marekani vyuo vikuu vina mchezo wao wa kandanda ya mikono, na chini ya mkufunzi mkuu huwekwa mkufunzi wa mashambulizi na mwingine wa ulinzi, kila mmoja na daftari lake. Mashabiki hushinda mwaka mzima wakibishana juu ya yule wa mashambulizi. Kwetu mtu huyo huwa ni mwanafunzi wa zamani aliyewahi kucheza ligi, akaombwa na shule aje awanoe wavamizi. Nimeyatazama mazoezi ya shule moja ya wavulana iliyo kando ya barabara ya Kitale na Webuye, ambayo sitaitaja, yenye mpango wa namna hiyo. Mwalimu wa michezo alikuwa akiwaamuru walinzi warudi nyuma wakaribie lango lao. Kijana wa wavamizi alikuwa akiwaamuru washambulizi wasirudi kamwe, wangoje juu. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa sarufi yake. Kati ya walinzi na washambulizi pakabaki uwanja mtupu ambao ungetosha kulisha ng'ombe wa kijiji, na viungo wawili wembamba wakikimbia ndani yake kama watu waliopoteza funguo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama; lakini nilichokiona kilikuwa zaidi ya wingi wa manahodha. Zilikuwa lugha mbili zinazofundishwa darasa moja kwa wakati mmoja, bila ya walimu kuambiana.

Baadaye, nikiwa nimeketi na wanafunzi wangu wa chuo waliosoma pande hizo, niliwaomba wafanye jambo dogo ambalo ninawapendekezea pia walimu wenzangu wa sekondari, wa Kiswahili na wa hisabati, kwa kuwa ni zoezi la masomo yote mawili. Kila mmoja aandike utabiri wake kabla ya mechi ya kwanza: idadi ya mabao, yatakavyofungwa, na katika muda gani. Asitumie -ta- bila kiasi na bila tarehe. Karatasi zifungwe na zikae kwa mwalimu. Mashindano yakiisha zifunguliwe. Wa Bungoma alitaka kujua kama aliyekosea ataadhibiwa. Nilimwambia kwamba atakayeadhibiwa ni yule atakayesema baadaye kuwa alijua, ilhali karatasi yake inasema vingine. Lugha yetu ina -ngali- ya kutosha kwa ajili ya visingizio. Msimu wa kandanda ukiisha utaisikia kila kona: tungalifunga, tungalishinda, mwamuzi angaliona.

Nami, kwa kuwa haifai kuwaagiza wengine kazi nisiyoifanya, nimeandika yangu kuhusu shule ile ya kando ya barabara. Nimeandika kwamba katika mechi zake za kanda za mwaka huu wa 2026 itafunga mabao machache kuliko ilivyofunga mwaka jana. Kwamba yale itakayoyapata, nusu yake au zaidi yatatokana na kona, mikwaju ya adhabu na mipira ya kurusha. Kwamba ikiwa walimu wale wawili watakaa meza moja na kupatana ni wapi walinzi waishie na washambulizi waanzie, na ikiwa hakuna barua ya uhamisho itakayofika kabla ya Januari, huenda mwaka 2027 ikafunga kuliko miaka yote miwili. Huenda, nimeandika, na neno hilo nimelipigia mstari.

Ninachokihofia ni mechi ya pili au ya tatu ya kanda, kwenye tope, timu ikiwa nyuma kwa bao moja, na sauti kutoka pembeni zikidai mpira mrefu upigwe kwa namba tisa. Mwalimu akizitii atapata pengine sare, na majuma matano ya kazi yatakuwa yameoshwa na mvua. Asipozitii huenda akafungwa, na aitwe ofisini Jumatatu. Wavamizi wake wawili wako kidato cha nne na hawatakuwapo mwaka ujao. Mabao ninayoyabashiri ya 2027, kama yatakuja, yatafungwa na vijana wa Gredi ya 10 ambao kwa sasa kazi yao ni kubeba wavu wa mipira na chupa za maji, na ambao siku ile ya mazoezi walikuwa wameketi kwenye nyasi, wakiwasikiliza walimu wote wawili.